Kipya Kinyemi: Uamuzi wa Kununua Vifaa Vipya vya Kupigia Picha kwa Kuangazia Soko la Muthetheni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa ni sifa ya upya, ilhali sehemu yake ya pili ni onyo: hata donda, maadamu ni jipya, lina mvuto wake. Katika kazi zinazotegemea vyombo mvuto huo huwa mkali, na katika upigaji picha huwa mkali zaidi. Seremala anaweza kutumia randa moja kwa miaka 20 bila mtu kumshangaa. Mpiga picha, kwa upande wake, hupimwa na wateja kwa ukubwa wa kamera iliyo shingoni mwake kabla hawajaona hata picha moja, nayo makampuni ya kamera hutangaza aina mpya mwaka baada ya mwaka, kila moja ikidaiwa kuipita iliyotangulia.

Makala haya yanakusudia kueleza ni wakati gani kifaa kipya cha kupigia picha kinastahili kununuliwa. Mazingira yanayoangaziwa ni ya Muthetheni, kata iliyo katika eneo bunge la Mwala, Kaunti ya Machakos, nchini Kenya. Mahali hapa panafaa kwa uchunguzi wa suala hili kwa kuwa uchumi wake haumsamehe anayekosea. Wakazi wengi ni wakulima wa mahindi, maharagwe, mbaazi, pojo na maembe katika nchi yenye mvua haba, na fedha hupatikana kwa majira. Mpiga picha wa soko dogo kama hili akitumia akiba yake kununua kamera isiyohitajika, kinachopotea si starehe. Huenda ikawa ni karo ya mtoto au mbegu za msimu ujao.

Hoja kuu ni kwamba kifaa kipya kinastahili kununuliwa yanapotimia masharti mawili kwa pamoja. Kwanza, kifaa kilichopo kiwe ndicho kikwazo halisi cha kazi. Pili, ziada itakayoletwa na kifaa kipya iweze kukilipia kabla hakijachakaa au kabla kazi yenyewe haijabadilika. Sharti moja likitimia pasipo la pili, ni heri kusubiri.

Chombo na kazi: mafunzo ya historia

Historia ya upigaji picha katika Afrika Mashariki inaonyesha kwamba ubora wa kazi haukwenda sambamba na upya wa vyombo daima. Mjini Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijijengea jina kupitia studio yake iliyoitwa Bakor Studio. Umaarufu wa picha zake ulitokana na ustadi wa mikono. Alizikata picha, akaziunganisha na kuzichapisha upya, hata sura ya mteja ikatokea mahali ambapo kamera pekee isingeweza kuiweka. Kando ya kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha wa vibandani katika miaka ya 1990 nao waliweka mtaji wao katika mapazia yaliyochorwa na mapambo ya kibanda. Mteja alinunua mandhari, pozi na kumbukumbu ya kufika pwani. Hakuuliza jina la kamera.

Huko Unguja, studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inathaminiwa leo kwa hazina ya picha za zamani iliyohifadhiwa humo. Kamera zilizozipiga picha hizo zimekwisha kupitwa na wakati, lakini picha zenyewe zingali zinatafutwa na wanahistoria na wageni.

Machakos ina ushahidi wake. Mwaka 1937, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeitwa Barnes alipiga picha za vilima vya Ukambani ili kuonyesha jinsi udongo ulivyokuwa ukimomonyoka. Zaidi ya miaka 50 baadaye, watafiti walirudi katika maeneo yale yale na kupiga picha nyingine. Ulinganisho huo ulitumiwa katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka 1994, kuthibitisha kwamba ardhi iliyokuwa uchi ilikuwa imefunikwa na matuta na miti ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka mno. Thamani ya picha za 1937 haikuletwa na umaridadi wa kamera. Ililetwa na mambo matatu: mpiga picha alisimama mahali panapotambulika, akaandika tarehe na mahali, na picha zikatunzwa.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba chombo hakina uzito wowote. Ziko nyakati ambapo kikwazo kimo katika chombo chenyewe. Kwa miaka mingi, filamu za rangi zilipimwa usahihi wake kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na matokeo yake yakawa kwamba nyuso nyeusi zilipotea kivulini hata mpiga picha alipokuwa hodari. Hapo ustadi peke yake haukutosha; ilibidi filamu ibadilike. Mfano mwingine ni wa Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya ambaye filamu yake ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 iliushtua ulimwengu. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa. Alitengenezewa mkono wa bandia, akarejea kazini na kuendelea hadi kifo chake katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara, Novemba 1996. Kwake yeye kifaa kipya hakikuwa pambo, kwa maana pasipo kifaa hicho kazi isingaliendelea. Ndiyo maana ya methali isemayo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: uhunzi huendelea, lakini koleo lililovunjika lazima lipatiwe badala.

Kubaini kikwazo

Hatua ya kwanza, basi, ni kubaini kikwazo kiko wapi. Mfano unaofaa ni wa mpiga picha wa kufikirika mwenye kibanda sokoni Muthetheni. Kamera yake ina umri wa miaka minane. Huitwa katika harusi, mazishi, sherehe za shule na ibada za shukrani. Wateja wanalalamika kwamba picha za ndani ya kanisa zina ukungu na nyuso ni nyeusi kupita kiasi. Anashawishika kwamba dawa ni kamera mpya.

Malalamiko hayo mawili yana vyanzo tofauti. Nyuso kuwa nyeusi hutokana, mara nyingi, na namna kamera inavyopima mwanga. Kipimamwanga cha kamera huchukulia kwamba mandhari yote yana mng'ao wa wastani. Bibi harusi anaposimama mlangoni, nyuma yake kukiwa na jua kali la adhuhuri na mabati yanayometameta, kamera huona mwanga mwingi na kuupunguza. Uso wake unaingia gizani. Kamera mpya ikiachwa ijiamulie inaweza kufanya kosa lile lile. Dawa ni kumsogeza bibi harusi hadi kivuli cha ukuta, kuiamuru kamera iongeze mwanga kuliko inavyopendekeza, au kumwomba msaidizi ashike kitambaa cheupe kinachorudisha mwanga usoni. Gharama ya dawa hizo ni ndogo mno.

Ukungu ndani ya kanisa una asili nyingine. Mahali penye mwanga hafifu, kamera huacha shata wazi kwa muda mrefu ili mwanga wa kutosha uingie, na mtu akitikisika, picha hutiwa ukungu. Hapa kifaa kinaweza kuwa ndicho kikwazo, lakini hata hivyo ni lazima kuuliza ni kifaa kipi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera ya kawaida, ikivutwa hadi mwisho wake, aghalabu huwa na tundu la kipimo cha 5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 huruhusu mwanga unaokaribia mara kumi ya ule, na bei yake ni sehemu tu ya bei ya kamera mpya. Mpiga picha aliyedhani anahitaji kamera hugundua kwamba anahitaji lenzi.

Majaribio matatu husaidia katika ubainishaji huu. La kwanza ni kusafisha na kukarabati. Muthetheni ina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na vumbi likiingia ndani ya kamera wakati wa kubadilisha lenzi huacha madoa katika kila picha. Lenzi yenye alama za vidole hupunguza ung'avu wa picha hata ikiwa ni ya bei ghali. La pili ni kumkabidhi kamera mpiga picha mwenye uzoefu zaidi katika shughuli moja. Akipata picha nzuri kwa kamera ile ile, kilichopungua ni mafunzo. La tatu ni kuandika, kwa muda wa miezi mitatu, kila kazi iliyokataliwa au iliyoharibika pamoja na sababu yake. Daftari kama hilo huondoa dhana. Yamkini likaonyesha kwamba wateja walipotea kwa sababu picha zilichelewa kufika, au kwa sababu simu ya mpiga picha ilikuwa imezimwa.

Wengine hudai kwamba kamera ya zamani haifai kwa sababu pikseli zake ni chache. Dai hili linapimika. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ndiyo huchapishwa zaidi, huhitaji takriban pikseli milioni 2 tu ili itoke safi. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 huhitaji pungufu ya milioni 9. Kamera yenye pikseli milioni 12 inatosha kwa kazi zote mbili. Anayeongeza pikseli hadi milioni 40 bila kuchapisha mabango anajiongezea mzigo wa kuhifadhi, kwa kuwa kila picha itachukua nafasi kubwa zaidi katika kadi na kompyuta yake.

Hesabu ya ziada

Ikibainika kwamba kifaa ndicho kikwazo, sharti la pili hufuata, nalo ni la hesabu. Tarakimu zinazotumiwa hapa ni za kukisia. Zinakusudiwa kuonyesha njia tu. Na ichukuliwe kwamba kamera mpya inauzwa shilingi 90,000. Mpiga picha hupata shughuli 30 kwa mwaka, na kila shughuli humwachia shilingi 2,000 baada ya kulipia nauli, msaidizi na uchapishaji. Mapato yake halisi ni shilingi 60,000 kwa mwaka.

Kosa la kawaida ni kusema kwamba kwa mapato hayo kamera itajilipia kwa mwaka mmoja na nusu. Fedha hizo zinapatikana sasa kwa kamera ya zamani. Hazitaletwa na ile mpya. Kinachostahili kuhesabiwa ni ziada peke yake. Iwapo kamera mpya itamletea shughuli 6 zaidi kwa mwaka, ziada ni shilingi 12,000, na itahitaji miaka saba na nusu kujilipia. Huo ni muda mrefu kuliko matumizi ya kawaida ya kamera inayofanyishwa kazi nzito. Iwapo, pamoja na shughuli hizo 6, wateja wote 36 watakubali kuongeza shilingi 500 kwa sababu ya ubora wa picha, ziada itakuwa shilingi 30,000, na kamera itajilipia kwa miaka mitatu. Uamuzi umebadilika ijapokuwa kamera ni ile ile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni utayari wa wateja kulipa, na utayari huo huchunguzwa kabla ya ununuzi, si baadaye.

Njia nyepesi ya kuuchunguza ni kukodi. Na ichukuliwe kwamba kamera kama hiyo hukodishwa kwa shilingi 2,500 kwa siku. Anayenunua kwa shilingi 90,000, akaitumia miaka mitatu na kuiuza kwa shilingi 30,000, amegharimika shilingi 60,000, yaani shilingi 20,000 kwa mwaka. Kiasi hicho ni sawa na kukodi siku 8. Kwa hiyo, mwenye kazi zinazodai kamera hiyo chini ya siku 8 kwa mwaka na akodi. Mwenye kazi zaidi ya hizo ana sababu ya kununua. Isitoshe, kukodi humpa nafasi ya kuonyesha wateja picha za kamera mpya na kuona kama kweli watalipa zaidi au watasifu tu.

Mkopo na majira

Fedha za kununulia zikitoka katika mkopo, hesabu hubadilika tena. Mkopo wa shilingi 90,000 unaorejeshwa kwa shilingi 108,000 unapandisha gharama ya mfano uliotangulia hadi shilingi 26,000 kwa mwaka, na sasa kununua hakufai mpaka kazi za kamera hiyo zizidi siku 10. Lakini riba siyo tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni kalenda.

Ukambani una misimu miwili ya mvua: ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo wakulima huitegemea zaidi. Mavuno yakiwa mazuri, sherehe huongezeka. Mvua zikikosekana, harusi huahirishwa na picha huwa miongoni mwa gharama za kwanza kukatwa. Desemba na Agosti, watoto wanapokuwa likizoni na jamaa wanaporejea kutoka mijini, huwa na shughuli nyingi. Miezi mingine hupita kimya. Mkopaji aliyefungwa na malipo sawa kila mwezi hulazimika kulipa katika miezi asiyopata kitu. Mikopo ya simu, mathalani M-Shwari iliyoanzishwa mwaka 2012, hutarajiwa kurejeshwa kwa siku 30, ilhali kamera huzaa matunda yake kwa miaka. Kukopa kwa siku 30 ili kununua kifaa cha kulipia kwa miaka mitatu ni kuitafuta aibu. Wahenga hawakukosea waliposema kukopa harusi, kulipa matanga.

Wakamba wana utaratibu wa kale unaoweza kutoa suluhisho. Mwethya ni kikundi cha watu wanaosaidiana kazi kwa zamu, na vikundi vya namna hiyo vilishiriki pakubwa katika kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika Machakos. Wapiga picha watatu wa masoko jirani, tuseme Muthetheni, Masii na Wamunyu, wakichanga fedha wanaweza kumiliki kwa pamoja lenzi au printa ambayo hakuna hata mmoja angeweza kuitumia kila siku. Sharti ni kuandika mapema nani anakitumia kifaa siku gani, nani anakilipia kikiharibika, na anayejitoa atarudishiwa nini. Vinginevyo Desemba ikifika, wote watatu watakihitaji Jumamosi moja.

Kipi kitangulie?

Simu zenye kamera zimebadilisha biashara ya mpiga picha wa soko. Mteja mwenye simu hahitaji tena kumlipa mtu ili apate sura yake. Bado, hata hivyo, anahitaji picha iliyochapishwa ya kutundika ukutani, picha ndogo za fomu na vyeti, picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza, na mtu wa kuaminika atakayefuata shughuli nzima bila kukosa tukio muhimu. Kwa mpiga picha anayesafiri hadi Machakos mjini kila mara ili kuchapisha, printa inaweza kuwa ununuzi wa busara kuliko kamera, mradi hesabu ya wino na karatasi imefanywa pamoja na bei ya printa yenyewe.

Msamiati wa Kiswahili unahifadhi kumbukumbu ya mabadiliko hayo. Watu wangali wanasema picha "zimesafishwa" au "zimeoshwa", ilhali hakuna tena dawa wala maji wala chumba cha giza. Neno limedumu kuliko mtambo. Aliyenunua mtambo wa kusafishia filamu mwanzoni mwa miaka ya 2000 alinunua kitu kizima kwa kazi iliyokuwa ikiondoka. Kodak, kampuni iliyotawala biashara ya filamu kwa karibu karne nzima, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, ingawa mhandisi wake mwenyewe, Steven Sasson, ndiye aliyekuwa ameunda kamera ya kwanza ya kidijitali mwaka 1975. Uhai wa kifaa, basi, una pande mbili: muda ambao kifaa kitadumu na muda ambao watu wataendelea kukihitaji. Ule ulio mfupi ndio wa kuhesabiwa.

Kati ya kamera na lenzi, lenzi hudumu zaidi. Kiungio cha lenzi za Nikon kilichoanza mwaka 1959 kiliendelea kutumiwa katika kamera zake kwa miongo mingi, hata lenzi ya baba ikaweza kufungwa kwenye kamera ya mwana. Canon, kwa upande wake, ilibadilisha kiungio chake mwaka 1987, na lenzi za awali zikawa hazifai kwa kamera mpya. Mwaka 2018 makampuni yote mawili yalileta viungio vipya kwa ajili ya kamera zisizo na kioo ndani, ingawa lenzi nyingi za zamani zinaweza kutumika kupitia kiunganishi. Mnunuzi mwenye uwezo mdogo hunufaika na mabadiliko haya, kwa kuwa wenye pesa huuza kamera nzima zenye kioo ili wafuate fasheni.

Mtumba, hata hivyo, una masharti yake. Shata ya kamera ina uhai unaokadiriwa kwa idadi ya picha, na kwa kamera nyingi za daraja la kati makadirio ya watengenezaji huwa kati ya 100,000 na 150,000. Idadi iliyokwisha kupigwa inaweza kusomwa kwa programu za kompyuta katika aina nyingi. Mnunuzi apige picha ya karatasi nyeupe ili aone madoa, ajaribu betri kwa muda, aangalie kama kuna ukungu wa kuvu ndani ya lenzi, na adai risiti inayoonyesha nambari ya kamera ili asije akanunua mali ya wizi. Rahisi huvunja upishi, hasa inapouzwa na mtu mwenye haraka.

Kifaa kinachosahauliwa zaidi ni cha kuhifadhi. Picha za harusi zikipotea kwa sababu kadi moja imeharibika, hakuna kamera itakayorudisha siku hiyo. Diski mbili za kuhifadhia, moja ikiwekwa kibandani na nyingine nyumbani, ni bima ya jina la mpiga picha. Hazina ya Capital Art isingalikuwepo kama kila picha ingalitupwa mara baada ya mteja kulipa.

Suala hili katika utafiti wa fasihi simulizi

Kwa mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili, uamuzi huu una sura nyingine. Atakayekwenda Muthetheni kukusanya ngano, methali au nyimbo za ngoma ya kilumi hatafuti faida ya fedha. Sharti la kwanza linabaki vilevile: je, kifaa kilichopo ndicho kikwazo? Sharti la pili hubadilika, kwa maana ziada haipimwi kwa shilingi bali kwa yale yatakayonaswa ambayo yasingalinaswa. Hapa kusubiri nako kuna gharama. Fanani mwenye umri wa miaka 85 hawezi kuahirishwa hadi chama kipate mfadhili wa kamera.

Katika kazi hii kikwazo aghalabu ni sauti. Simu ya kawaida hutoa picha inayokubalika mchana, lakini ikiwekwa mbali na msimulizi hunasa upepo, kuku na mazungumzo ya jirani. Umbali ukiongezeka mara mbili mahali pa wazi, nguvu ya sauti hushuka hadi robo. Maikrofoni ndogo inayobanwa kwenye nguo ya msimulizi huondoa tatizo ambalo kamera ya bei kubwa haiwezi kuligusa. Baada ya maikrofoni hufuata mahali pa kuhifadhi nakala mbili, kisha daftari la kuandikia jina la msimulizi kwa idhini yake, tarehe, mahali na muktadha. Picha za Barnes zilirudiwa na watafiti kwa sababu mahali pake palijulikana. Rekodi isiyo na maelezo hayo haitamfaa mtafiti wa mwaka 2070.

Si ajabu, katika idara na vyama vya wanafunzi, kamera ya thamani kufungiwa kabatini kwa kuhofiwa kuharibika, funguo akiwa nazo mtu mmoja ambaye yuko likizoni. Kifaa cha namna hiyo kimeshindwa masharti yote mawili. Chama chenye fedha kidogo kingefanya vyema kununua vifaa vidogo ambavyo wanachama wengi wanaruhusiwa kutoka navyo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba uamuzi wa kununua kifaa kipya cha kupigia picha hutegemea kikwazo kilichothibitishwa na ziada iliyohesabiwa. Methali isemayo mchagua jembe si mkulima humwonya anayetafuta sababu ya kutolima, lakini haimwambii mkulima aendelee kulima kwa mpini usio na jembe. Usiache mbachao kwa msala upitao nayo humtaka mtu athamini alicho nacho, bila kudai kwamba mbacha haraki. Methali hizi hazipingani endapo zitasomwa kwa mpangilio: kwanza tumia kilichopo hadi ukijue mipaka yake, kisha badilisha pale mpaka huo unapoizuia kazi.

Mpiga picha wa mfano uliotumiwa hapa, akiufuata mpangilio huo, huenda mwaka wa kwanza akanunua lenzi moja na diski mbili, akajifunza kumweka bibi harusi kivulini, na akakodi kamera kwa shughuli tano za Desemba. Daftari lake ndilo litakalomwambia kama mwaka wa pili au wa tatu una haja ya kamera mpya. Likimwambia ndiyo, na anunue bila kusitasita, kwa fedha alizoziweka wakati wa mavuno.